Laifu tunaonyesha, deni tunaficha

Haya niliongea Jumamosi jioni na vijana wa mtaa, kwa ukumbi wa kanisa hapa Kayole. Watu walijaa hadi nje na wengi hawakusikia vizuri, kwa hivyo nimeandika venye niliongea, nimeongeza tu kidogo pale niliulizwa maswali.

Vijana wangu hamjambo. Asanteni kwa kukuja. Wale mko karibu na mlango songeni mbele, viti bado ziko. Kwa wale hawanijui, mimi ndio niko na duka la M-Pesa pale stage ya Masimba, wengi wenu mnaniitanga anti, na kuna wengine hapa niliwauzia peremende wakienda nasari na saa hii wanakuja kutoa mshahara kwangu. Naona fahari sana nikiwaona.

Waliopanga mkutano waliniomba niongee juu ya pesa na maisha ya vijana, na nafikiri walitarajia niwaambie muache raha, muache TikTok, muweke akiba. Hiyo mmeisikia tangu shule ya msingi na sijaona ikisaidia mtu. Mimi nataka kuongea juu ya kitu naiona kila siku nikiwa nyuma ya ile grili, na naamini inawaumiza kuliko hiyo raha yenyewe. Ni siri. Vile mtu anaishi, nguo, simu, keja, sherehe, hiyo tunaonyesha dunia nzima, lakini pesa inatoka wapi na inaenda wapi hakuna mtu anajua, mama hajui, mpenzi hajui, beshte wa karibu hajui, na mara nyingi mwenyewe pia hajui juu hajawahi kaa chini ahesabu.

Kuna kijana mmoja, jina sitataja na msianze kuangaliana, alikuja dukani Ijumaa moja jioni amevaa poa kabisa, raba nyeupe, pafyumu nimesikia kabla afike kwa dirisha. Akanipea elfu mbili cash nimuwekee kwa simu. Nikaweka. Meseji ikaingia, akaangalia simu, akaniangalia, akaanza kupiga kelele ati nimemuibia. Laini yote nyuma yake inasikia. Nikamwambia lete hiyo simu tusome pamoja. Meseji ya kwanza ilisema pesa imeingia, ya pili ikasema deni limelipwa kiasi, salio sufuri, na bado kuna zingine anadaiwa. Kumbe alikuwa amekopa kwa simu wiki kadhaa nyuma kuchangia meza ya sherehe huko Westlands, akakopa tena ya matatu, tena ya chakula, kidogo kidogo, na hiyo elfu mbili ilikuwa imetoka kwa mama yake, ya kujaza gesi. Kelele ikaisha. Akaingiza vidole kwa grili akanishika mkono, akaniambia polepole, "anti tafadhali usiambie mathe."

Kelele hazikuniuma, hizo nimezoea. Iliniuma ni vile huyo kijana alikuwa anaogopa mama yake ajue kuliko alivyokuwa anaogopa deni. Na yule mama namjua, angemsaidia.

Sasa fikirieni zamani watu walikuwa wanakopa aje. Ukitaka kukopa unaenda kwa mtu. Mama wa duka anaandika kwa kitabu, ama unaenda kwa mjomba, ama chama ya mama yako. Aibu ulikuwa unasikia, sitadanganya, lakini hiyo aibu ilikuwa na kazi yake, juu yule mtu kabla akupee alikuwa anakuuliza swali moja tu, "za nini?" Na ukishaanza kujibu hilo swali kwa mdomo wako mwenyewe unaeza jikuta umebadilisha nia hata kabla upewe. Kwenda kumwambia mjomba ati naomba elfu tatu ya kukaa meza moja na watu wa Westlands, haitoki mdomoni! Lakini ya dawa, ya fees, ya kuanzisha biashara ya mayai, hiyo unasema ukimwangalia kwa macho.

Hilo swali ndilo limepotea. M-Pesa ilianza Machi 2007 na kazi yake ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwa upande wa vocha tukapata Okoa Jahazi, unakopeshwa kredo na asilimia kumi inakatwa hapo hapo, na kwa wengi wenu hiyo ndio ilikuwa deni ya kwanza maishani, mkiwa bado na yunifomu. Novemba 2012 ikaingia M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya M-Pesa yenyewe. Apu za mikopo kama Tala na Branch zikafuata. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambapo hata huombi mkopo, unalipia tu kitu na pesa yako ikipungukia inajazwa. Kwa hizo zote hakuna mtu anakuangalia usoni akuulize za nini. Saa nane usiku, uko kwa kitanda, umekasirika, umeachwa, umeona posti ya mtu wa kilasi yenu ako Diani, na mkopo ni vidole vitatu tu.

Mniskize vizuri hapa, mimi si adui ya hizi huduma. Nakula kupitia M-Pesa na watoto wangu wamesoma nayo. Nimeona mama akiokoa mtoto usiku kwa sababu ya hiyo mkopo ya simu, alilipa teksi na dipoziti ya hospitali ndani ya dakika kumi, enzi zetu huyo mtoto angekufa tukitafuta mjomba. Na bei ya hizi mikopo si siri, imeandikwa. Sisi ndio hatuiongelei, kwa hivyo acha tuiongelee hapa mbele ya kila mtu.

Chukua Fuliza kwa bei zilizoanza Oktoba 2022. Kila ukikopa kuna asilimia moja ya kuingilia, halafu kuna ada ya kila siku kulingana na kiasi. Kuanzia 2,501 hadi 70,000 ada ni shilingi 25 kwa siku. Rudieni hapo. Aliyekopa 3,000 na aliyekopa 70,000 wanalipa hiyo 25 moja kila siku. Sasa mtu wa elfu tatu akikaa nayo siku thelathini, hiyo ni 750, na 30 ya kuingilia, jumla 780, bado hujaweka ushuru. Ni zaidi ya robo ya pesa alichukua, kwa mwezi mmoja. Mwenye 70,000 analipa 750 na 700, yaani 1,450, ambayo ni kama asilimia mbili. Na ukishuka chini inazidi kuuma: aliyekopa 1,200 yuko kwa ada ya 18 kila siku, mwezi ukiisha amelipa 552 juu ya 1,200. Karibu nusu! Kwa wale wa chini ya elfu moja kuna siku tatu za kwanza bure na ada ni ndogo, 3 ama 6, kwa hivyo mtu akilipa haraka inamsaidia kweli. Hii kitu imetengenezwa ya siku mbili tatu. Shida ni sisi tunaishi ndani yake mwezi mzima, mwaka mzima, pesa ikiingia inamezwa, unakopa tena siku hiyo hiyo.

Linganisha sasa. M-Shwari ni asilimia 7.5 kwa siku thelathini, kwa hivyo 5,000 unalipa 375. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba ni asilimia 8 kwa mwaka mzima, na hiyo 5,000 kwa siku kumi na nne riba yake ni kama shilingi 15 tu, na asilimia tano ya mkopo inawekwa akiba yako. Sacco nyingi, zile za watu kuweka akiba pamoja na kukopeshana, ni asilimia moja kwa mwezi ya deni iliyobaki, mwezi wa kwanza ni hamsini bob. Ni pesa hiyo hiyo, elfu tano ni elfu tano, lakini kijana wa Kayole anakimbilia ile ya bei ghali. Nimejiuliza sana kwa nini. Wengi watasema ni haraka, ama limiti ya Hustler inaanza chini, na hiyo ni ukweli. Lakini nikiwauliza vijana wenyewe dukani wananiambia Sacco kuna wadhamini, lazima watu watatu wajue unakopa. Ndio hiyo siri tena. Kwa ile elfu tatu kijana ako radhi alipe 780 badala ya thelathini bora tu mtu asijue.

Sasa tuongee juu ya hiyo laifu yenyewe, na hapa nataka kuwatetea, juu watu wazima wanawakosea heshima sana. Mnaambiwa mnapenda kujionyesha, mnanunua simu kubwa na hamna chakula. Lakini huu mji unapima mtu kwa viatu. Nenda ofisi za Upper Hill na viatu vimekwisha kisigino uone venye askari wa geti anakuuliza unaenda wapi. Ingia duka la nguo kwa mall umevaa ndala. Kuna msichana hapa mtaani, ako na diploma, alinisimulia alienda intavyu akaulizwa anaishi wapi, akasema Donholm. Nikamuuliza mbona usiseme Kayole, akaniambia anti nikisema Kayole watafikiria nitachelewa kazini ama nitawaibia. Huyo msichana akinunua blauzi nzuri na kutengeneza nywele hajapoteza pesa, amelipia mlango ufunguliwe. Mimi siwezi kumhukumu. Na simu pia, siku hizi simu ndio ofisi, mtu wa boda anapata wateja kwa simu, anayeuza mitumba ya Gikomba anauzia TikTok, ukimwambia arudi kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, umemfunga biashara.

Kwa hivyo matumizi yenyewe si dhambi. Swali ni mtu wa kukulinganisha naye umempata wapi. Zamani ulijilinganisha na jirani, na jirani ulikuwa unajua kazi yake, unajua amelala njaa lini, unajua ile TV ameinunua kwa miezi mingapi. Sasa unajilinganisha na stetasi. Unaona mtu ako Naivasha wikendi, unaona chupa ziko mezani, na hakuna mahali pameandikwa hii chupa ni ya mkopo, hii gari ni ya kukodisha, huyu msichana amelipiwa na mzee wa miaka hamsini na tano na kuna kitu anadaiwa usiku. Unaona upande mmoja wa kitabu. Halafu unaenda kuishi hiyo nusu uliyoiona, na nusu ile nyingine inakupata ukiwa peke yako.

Na juu nimetaja hao wazee wanaolipia wasichana, wababa, niseme tu kidogo nipite. Wasichana wangu, siwatukani. Najua renti ya bedsita na najua mshahara mnaolipwa huko saluni na kwa supamaketi. Nawaambia tu hivi, mwanaume anayekupea pesa kwa sharti usiambie mtu, hiyo pesa tayari ameinunulia kitu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini uko na nani na uko wapi. Angalau mmoja. Hata kama ni mimi.

Kamari sasa. Hapa moyo wangu huwa mzito kwa sababu naiona ikiingia kwa simu zenu. Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll walifanya utafiti wa vijana wa miaka 17 hadi 35 kwa nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ndio ikaongoza, asilimia 76 ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza. Na hiyo ilikuwa kabla ya kale kandege ka Aviator, ule mchezo wa kamari kwa simu, kushika mtaa. Mpira ulikuwa na mwisho, unangoja dakika tisini, Jumatatu unapumzika. Kandege kanaruka kila baada ya sekunde kadhaa, usiku na mchana, na ni ka pesa kidogo tu, kwa hivyo hujioni kama mcheza kamari. Vijana wanakuja dukani na noti ya hamsini, ya mia, "anti niwekee." Baada ya dakika kumi amerudi na mia nyingine. Mara ya tatu haniangalii usoni. Sijui mnajua venye inaniuma kupokea hiyo mia ya tatu.

Na hapa pia angalieni vile siri inafanya kazi. Anayeshinda anaposti skrinshoti. Elfu kumi na nne imeingia, emoji za moto, mtaa wote unajua. Anayepoteza anafuta meseji. Mtaa mzima unaona ushindi na hakuna mtu ameona hasara, kwa hivyo kila mtu anafikiria ni yeye peke yake hana bahati na kesho itakuwa zamu yake. Serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini Aprili 2025, vizuri, lakini tangazo kubwa ni skrinshoti ya beshte yako, na hiyo hakuna bodi inaweza kuizima. Natamani siku moja mtu aposti hasara. Aandike tu, jamani mwezi huu nimepoteza elfu sita, hii hapa. Huyo kijana atakuwa ameokoa watu wengi kuliko hotuba yangu.

Wazazi, nawaona hapo pembeni, nanyi mnisamehe juu hii inawahusu. Mtoto akipata kazi ya kwanza, hata kama ni ya elfu kumi na nane huko Industrial Area, mnaona sasa shida zimeisha. Shule ya mdogo wake, paa ya nyumba ya shosho, harusi, matanga, grupu ya WhatsApp ya ukoo kila wiki kuna mchango. "Nitumie kitu kidogo, na utume na ya kutoa." Mtoto anatuma. Hawezi kusema hana, juu mnaona stetasi yake na alishawaambia kazi iko poa. Naona mimi, kijana anakuja kuniuliza anti nisaidie na mia mbili nitume nyumbani nitakurudishia Ijumaa. Mama huko anapokea elfu tatu, anapiga magoti anaombea mtoto baraka, na hajui ile elfu tatu ni ya mkopo na mtoto amelala na chai ya rangi.

Kusaidia nyumbani ni jambo zuri, sitaki mtu aseme nimewaambia vijana wawasahau wazazi. Hiyo heshima ndio imetujenga. Lakini mtoto na mzazi waambiane ukweli wa namba. Baba, mama, muulizeni mtoto wako analipwa ngapi, renti ni ngapi, nauli ya kutoka hapa Kayole hadi kazini na kurudi ni ngapi kwa mwezi, kinabaki ngapi. Na akikuambia usimkemee. Akishajua hutamkemea atakuambia yote. Na wewe kijana, ukimwambia mama nalipwa elfu kumi na nane na nitatuma elfu moja kila tarehe tano bila kukosa, hiyo elfu moja ya uhakika ni bora kwake kuliko elfu tatu leo na simu imezimwa mwezi ujao. Wahenga wetu walisema kukopa harusi kulipa matanga, na mimi nimeyaona hayo matanga, mtu anabadilisha laini ya simu ili asipigiwe na wale wanamdai, na mama yake akipiga hampati pia.

Halafu kuna kitu nyingine. Mnakumbuka zile apu zilikuwa zinapigia watu wako simu ukichelewa kulipa? Zinachukua namba zote kwa simu yako, zinapigia bosi, zinapigia mama mkwe, zinapigia pastor, ati huyu mtu ni mwizi. Watu waliteseka. Sheria ikabadilishwa Desemba 2021 ikapea Benki Kuu nguvu ya kutoa leseni kwa hao wakopeshaji, kanuni zikatoka Machi 2022 na zikakataza hiyo tabia ya kuaibisha watu. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ikapiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu milioni tatu kwa sababu ya namba za watu kama hizo. Kwa hivyo mkipigiwa na kutishiwa saa hii, jueni mko na mahali pa kushtaki na msilie peke yenu. Lakini fikirieni pia, hiyo silaha ilikuwa inafanya kazi kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu alikuwa anajua. Deni ambalo watu wako tayari wanalijua, mtu atakutishia nalo aje? Mama akipigiwa atasema ndio najua, aliniambia, analipa mwisho wa mwezi, na simu inakatwa hapo.

Sasa kuna wale wananiambia vijana hawawezi namba, hawapendi kusoma. Hapo mimi nakataa katakata. Juni 2024 nilikuwa hapa. Niliona vijana wa huu mtaa wakisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu. Mlitufundisha sisi wazazi ushuru wa asilimia 16 kwa mkate ungetufanyia nini, ushuru wa gari asilimia 2.5 ya thamani yake ungefanya nauli ipande aje. Mlitafsiri kwa Kikamba, kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, mkaweka kwa TikTok, shosho kule ushago akaelewa. Wengine walitoka nyumbani kwenda maandamano hawakurudi, na hatujawasahau. Kizazi kilichosoma mswada wa serikali hakiwezi kushindwa kusoma stetimenti yake ya M-Pesa. Ile serikali mliambia itoe hesabu hadharani. Basi na sisi kwa sisi, watu watano sita wanaoaminiana, tutoe hesabu pia.

Na hiyo ndio naomba tufanye. Naomba tuanze vikundi vidogo, watu sita hivi, mabeshte ambao tayari mnakaa pamoja kwa base. Mara moja kwa mwezi mnakutana, na kila mtu anasema namba zake: nilipata ngapi, nilikopa ngapi na wapi, nilicheza ngapi, nilituma nyumbani ngapi. Hakuna kuchekwa na hakuna kubeba stori nje, atakayebeba anatoka kwa kikundi. Halafu yule amezama kwa deni ya bei ghali, mkiweza mnamchangia atoke hapo mara moja, analipa kikundi polepole bila riba ama kwa riba ndogo. Nimeona hii ikifanywa na wasichana watatu wanaouza nguo hapa soko, walilipiana madeni ya simu mmoja baada ya mwingine, na saa hii wako Sacco moja, wanadhaminiana. Akiba yako Sacco nyingi zinakukopesha mara tatu yake, na mdhamini wako ndiye anarudisha lile swali la mjomba. Kama una mia tu ya kuweka, kuna zile mifuko za mani maketi kama Ziidi, pesa za watu wengi zinawekwa pamoja zizae faida, ambapo unaanza na shilingi mia na unaitoa ukitaka, ni afadhali kuliko ikae kwa M-Pesa ikikuangalia. Angalieni tu kama anayewaambia muweke pesa ako na leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Mtu akikuahidi pesa yako itazaa mara mbili kwa mwezi na ulete watu wengine wawili, toka kwa hiyo grupu siku hiyo hiyo. Wazazi wenu waulizeni juu ya zile piramidi za 2006 na 2007, watu walipoteza zaidi ya bilioni nane, na wengi waliingia kimyakimya bila kuambia hata mke wao ama mume wao.

Kijana mmoja hapo mbele ameniuliza, anti, na kama nikisema namba zangu mbele ya mabeshte wanidharau? Swali zuri na sitalipita. Inaweza tokea. Unaeza ambia watu sita na mmoja akakucheka. Mimi ningekushauri uanze na mmoja, yule unajua hata ukikosa nauli anakuja kukuchukua. Mwonyeshe stetimenti yako na umwombe akuonyeshe yake. Nadhani utashangaa sana na yale utaona kwa yake. Mwingine ameuliza kama ni lazima kulipa madeni yote ya simu mara moja. Hapana, lipa ile yenye ada ya kila siku kwanza, hiyo ndio inakua ukiwa umelala.

Kwa hivyo tumekubaliana hivi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunakutana hapa hapa saa tisa, mchungaji ametupea ukumbi bure. Kila mtu aje na stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu. Unaiomba kwa apu ya M-Pesa, inakuja na inafunguka kwa namba ya siri wanayokutumia kwa meseji. Kama hujui kuitoa pitia dukani siku yoyote kabla ya saa mbili usiku tutaitoa pamoja, na kuchapisha nitawachapishia bila malipo, leteni tu kama mko na karatasi mbili tatu juu zinaisha haraka. Kalamu nyekundu na ya bluu nitakuja nazo mimi: nyekundu tunapigia mstari riba na ada, bluu tunapigia pesa za kamari, halafu kila mtu anajumlisha zake mwenyewe. Wazazi mnaotaka kuja mnakaribishwa, lakini mje na za kwenu pia.